Viti Viwili vya Gari la Manjano

Mwanangu Komora,

Sehemu ya mama yako imekwisha. Amekushonea mfuko wa ndani wa kutia pasipoti, amekukanya kuhusu chakula cha ndege, amekupangia siku za kupiga simu. Sitarudia. Jua bado liko juu, wanawake wako jikoni na kuku wa kukuaga, nami nimejitenga huku nyuma ya nyumba na karatasi kwa sababu neno nililo nalo siliwezi kwa mdomo. Nimelijaribu mara nyingi. Kila nikianza kuzungumzia lile gari, mtu mmoja hucheka, nami nimezoea kucheka pamoja naye ili yapite. Nikishacheka, yaliyobaki hayasemeki tena.

Kesho unakwenda Uarabuni kuwa dereva wa nyumba ya mtu. Ulipotusomea ujumbe wa wakala, kwamba huyo tajiri wako ana magari mengi na mengine ni ya kifahari, ulikuwa unatabasamu. Mimi niliinuka nikaenda kumfunga mbuzi ambaye alikuwa amefungwa tayari. Ulidhani sikufurahi kwa ajili yako. Ukweli ni kwamba unaondoka kwa sababu mimi nilinunua gari. Ulikuwa na alama za kwenda chuo, na pesa za kukupeleka chuo zilikuwapo. Ziliwahi kulala mikononi mwangu. Watu wa hapa kijijini Wema wanaijua hadithi hiyo kwa namna ya kuchekesha, na wewe uliwahi kupigana shuleni kwa sababu kijana mmoja alikuita mtoto wa Kenge. Lakini hujaisikia kutoka kwangu, na hao wanaoisimulia huianzia katikati.

Inaanzia Malindi, kabla hujazaliwa. Nilikuwa nimeajiriwa na mzungu mmoja mtu mzima aliyekuwa na nyumba karibu na ufuo. Sisi wafanyakazi tulimwita Tajiri, nami nitamwita hivyo hivyo. Kazi yangu ilikuwa bustani, lakini aliponiona nina mkono mtulivu akaniongezea gari. Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, rangi ya manjano kama embe lililoivia mtini, na lilikuwa chini sana hata ukitaka kumwona aliyemo ni lazima uiname. Bei yake sikuijua. Nilichojua ni kwamba wageni wake walikuwa wakiligusa kwa ncha ya kidole, halafu wanakitazama kidole chao.

Nililiosha kwa miaka. Nilikijua kila kipembe chake kama mtu anavyoujua mwili wa mgonjwa anayemuuguza. Chini ya kishikio cha mlango wa kushoto palikuwa na mkwaruzo mdogo wenye umbo la ndoana, uliotokana na pete ya mgeni mmoja wa kike. Tajiri hakumwambia kitu mwanamke yule, lakini siku hiyo hakula. Kiti cha dereva sikuwahi kukikalia. Ndani nilisafisha nikiwa nimepiga magoti nje, mikono tu ndiyo iliyoingia. Hiyo ndiyo ilikuwa amri ya nyumba ile, na sikuiona kuwa ngumu. Mtu huzoea.

Mchana mmoja mawingu yalikusanyika ghafla. Tajiri alikuwa amejinyoosha baada ya chakula, gari liko uani, vioo vimeteremshwa, ufunguo umo ndani. Matone yakaanza. Nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: nikafungua mlango, nikaketi, nikapandisha vioo. Nilipoinua macho, alikuwa amesimama barazani na wageni wake.

Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Aliniambia nishuke. Kisha akakinusa kile kiti, mwanangu. Aliinama mbele ya wageni wake akakinusa.

"Osha kiti," akasema.

Nikakiosha, mvua inaninyeshea mgongoni.

"Osha tena."

Nikaosha tena. Wageni walikuwa wameketi na vinywaji vyao. Mmoja wao aligeuza uso. Nadhani aliona haya kwa niaba yangu, na nikamchukia huyo kuliko nilivyomchukia Tajiri mwenyewe. Nilipomaliza, Tajiri akasema, kama mtu anayejisemea, "Sasa mimi sitaweza kukaa hapo." Akanilipa mshahara wa mwezi ule na kuniambia nisirudi.

Nikarudi Wema. Mama yako aliniuliza kwa nini nimeacha kazi, nikamwambia kazi imekwisha. Sikumwambia mtu yeyote habari ya kile kiti. Nilidhani nikinyamaza jambo lile litakufa. Halikufa. Nilikuwa nikipalilia mpunga, mara naliona lile jambo mbele yangu, naye ameinama, ananusa. Miaka ikapita, wewe ukazaliwa, akazaliwa dada yako Dhadho, mto ukapanda na kushuka, nikajifunza kuendesha trekta la mradi wa mpunga na baadaye pikapu ya kanisa. Kwa nje nilikuwa mtu mzima mwenye mji wake. Kwa ndani sikuwahi kuinuka kutoka pale nilipopiga magoti.

Basi wakaja watu wa mradi wa mpunga, wanatafuta pa kuchimba mfereji wa maji. Walitaka sehemu ya chini ya shamba letu, lile tuliloachiwa na babu yako, mimi na baba yako mdogo Samweli. Walipima, wakapiga vigingi, wakachelewa hadi tukakata tamaa, halafu siku moja fidia ikaingia. Tukagawana sawa kwa sawa. Samweli alikuwa ameshaamua lake: pampu ya maji kwa shamba lililobaki, na vyumba vya matofali kule Minjila, mahali pa juu, vya kupangisha. Mama yako naye alikuwa na lake. Tulikuwa tumeketi hapa uani, bibi yako anachambua mchele, mama yako akasema, "Baba Komora, tujenge pa juu. Kila mto ukifurika tunahamia kwenye hema kama watu wasio na kwao. Tujenge pa juu, na kinachobaki ni cha shule ya watoto."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa moyo mweupe, uniamini hapo. Nikasema pia kwamba nitatoa kidogo ninunue pikapu iliyotumika, tuwe tunachukua maembe na ndizi kupeleka Malindi. Wote wakaona ni jambo la busara. Samweli alinisindikiza hadi barabarani akaniambia, "Kaka, usinunue bila fundi. Mpitie Katana pale Garsen, nauli yake nitaitoa mimi." Nikamwambia nitampitia.

Sikumpitia. Nilijiambia kwamba mtu aliyeendesha trekta hahitaji kuongozwa na fundi wa Garsen.

Mombasa nilizunguka yadi za magari siku nzima. Pikapu nilizipata, nzuri, na moja nilikuwa nimeshaizungumzia bei. Ndipo nilipoliona, mwisho wa yadi, nyuma ya mabasi madogo, chini ya turubai lililofunuka upande mmoja. Manjano. Nikajiambia, magari ya manjano ni mengi duniani. Nikalizunguka hadi mlango wa kushoto nikainama. Ndoana ilikuwa pale pale chini ya kishikio.

Kijana wa kuuza akaniona nimechuchumaa. Alikuwa kijana wa shati safi, ulimi wake laini. "Mzee wangu, una jicho," akasema. "Watu wanapita hapa wanatafuta gari. Hii si gari. Hii ni heshima."

"Ilikuwa ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mzungu mmoja, baadaye ya mtu mkubwa hapa mjini. Imekaa tu. Haijatembea." Akafungua mlango, akasogea pembeni, akanyoosha mkono kuelekea kiti cha dereva. "Kaa, mzee. Kaa usikie."

Komora, nimeulizwa na watu wengi ni nini kilichoniingia. Wengine wamesema ni majini, wengine ni mwanamke, mchungaji alisema ni kiburi. Kilichoniingia ni hilo neno. Mtu alinifungulia mlango ule akaniambia kaa. Nikakaa. Kiti kilikuwa kinanukia manukato, ngozi imepakwa mafuta, na nilishika usukani nikahisi kwamba yule aliyepiga magoti Malindi sasa ameinuka. Machozi yalinitoka. Yule kijana aliyaona, na nadhani hapo ndipo alipojua kwamba hahitaji tena kupunguza bei.

Sikufunguliwa injini, wala sikuomba. Sikulaza akili hata usiku mmoja. Nilitoa fidia karibu yote: nyumba ya mama yako, shule yako, shule ya Dhadho. Nililijua gari lile kwa nje kuliko mtu yeyote chini ya jua, na nikadhani huko ndiko kulijua.

Nikaliendesha hadi Malindi. Sikuwa na haraka ya kufika nyumbani. Nilikuwa na haraka ya kufika langoni kwa Tajiri. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Ningeshusha kioo. Ningemwacha alitambue gari kwanza, halafu anitambue mimi. Nikafika, nikapiga honi. Akatoka mlinzi nisiyemjua, kijana wa Kigiriama, akapiga saluti.

"Namtaka mwenyewe," nikasema, nikataja jina.

Akafikiri. "Hapa hakuna mtu wa jina hilo, mkubwa. Hapa ni kwa watu wa hoteli sasa. Mwenye nyumba wa zamani nasikia alirudi kwao akafa huko, zamani sana."

Nikabaki pale na injini inanguruma. Mlinzi alisubiri kwa adabu kuona kama nina neno jingine. Hapakuwa na mtu wa kuniona, mwanangu. Nilikuwa nimenunua gari zima kwa ajili ya macho ya mtu mmoja, na macho yenyewe yalikuwa yameshaoza. Ningegeuza gari pale pale nikarudi Mombasa nikalia mbele ya yule kijana, labda angenirudishia nusu. Lakini mlinzi alipiga saluti tena, nami nikaipenda ile saluti, nikashika njia ya Garsen.

Nilipoipita Garsen lami iliniishia, na unajua njia yetu ilivyo. Gari lilikwaruza tumbo mahali pa kwanza tu palipo na kijibonde. Nikarudi nyuma, nikaliacha Garsen kwenye ua wa mwenye duka mmoja, kwa kodi. Watoto wa pale walilitazama lilivyolala chini, refu, la manjano, wakaliita Kenge, na jina likaniganda mimi.

Mama yako alikuja kesho yake na bodaboda. Alilizunguka mara moja. Aliinama akatazama ndani, akatazama mbele, akatafuta nyuma.

"Baba Komora," akasema, "tuko watano. Hivi ni viti viwili."

Nilianza kumwambia habari za heshima. Alinisikiliza hadi nikamaliza, akafunga kanga yake vizuri, akapanda bodaboda. Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine. Ningependa angenigombeza. Nyumba yenye ugomvi bado ina watu wawili ndani yake.

Samweli ndiye aliyesema. Alisema kwa upole, kwamba bado mapema, gari liuzwe hata kwa hasara, pa juu pajengwe. Nikamjibu mbele ya watu kwamba ana roho ya mtumwa, kwamba mtu wa pampu na matope hawezi kuelewa. Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji machafu na mtoto mdogo, hakujua amfanye nini. Tulikaa muda mrefu bila kusalimiana, ndugu wa tumbo moja.

Kwa miezi kadhaa niliishi barabarani. Garsen, Minjila, mara nyingine hadi Hola, na kurudi. Wazee walionijua tangu nikiwa na kaptula wakaanza kuniita mheshimiwa. Vijana walipiga picha wameegemea boneti. Kuna mtu alilikodi kwa harusi ya binti yake, na gauni la bibi harusi likakataa kuingia; ikabidi msichana wa watu aende kanisani na pikapu, mimi nikafuata nyuma na gari tupu. Wengine walicheka. Mimi nilimwona yule binti kama hana shukrani. Ndivyo nilivyokuwa nimeharibika.

Sasa nafika pale ambapo wewe unajua na wengine hawajui.

Ulikuwa darasa la nne. Mvua ilikuwa imeanza. Nilikuwa Garsen na wale marafiki zangu wapya, tunakunywa chai hotelini, na niliporudi kwenye ua wa duka nikaliona gari mlango wazi. Wewe umekaa ndani, kwenye kiti cha dereva, umelowa, miguu yako ina tope la shambani hadi magotini. Ulikuwa umetembea sehemu kubwa ya njia. Uliponiona ulifungua kinywa useme.

Sikukuacha useme. Marafiki walikuwa nyuma yangu. Nikakutoa kwa mkono, nikakuangalia, nikaangalia kiti, nikasikia kinywa changu kikisema, "Osha kiti."

Nilikupa kitambaa. Ukaosha. Sijui kama unakumbuka kwamba nilikwambia uoshe tena. Mimi nakumbuka. Nilisimama pale na kikombe cha chai nilichotoka nacho hotelini. Hukulia. Uliosha vizuri, kwa uangalifu, mkono wako ni mtulivu kama wangu, na ulipomaliza ukakunja kitambaa ukanirudishia. Ndipo ukasema, "Baba, mama amesema uje. Bibi hapumui vizuri."

Gari halikuweza kutufikisha. Njia ilikuwa matope. Tulitafuta bodaboda, wa kwanza akakataa kwa sababu ya mvua, wa pili akakubali. Ulikaa katikati yangu na dereva, baridi inakutetemesha, na hukunigusa. Tulipokaribia Wema tukasikia wanawake wameshaanza kulia.

Mama yangu aliniulizia, waliniambia. Aliuliza, "Yona yuko wapi?" Wakamwambia yuko njiani. Sikuwa njiani. Nilikuwa nimesimama, naoshewa kiti.

Na wewe hukusema. Katika msiba wote ule, watu walipouliza kwa nini tulichelewa, ulisema mvua. Mama yako hadi leo anajua ilikuwa mvua. Nitamweleza mwenyewe ukishaondoka. Mtoto wa darasa la nne ulinisitiri mbele ya ukoo mzima, nami sikuwahi kukuita pembeni nikakwambia hata neno moja. Nilikuwa nikikuona unavyoyakwepa macho yangu, nikajiambia ni utoto. Halafu ukakua, ukawa mpole, kila mtu anausifu upole wako. Mimi ninaposikia unasifiwa huwa nakumbuka ulivyokunja kile kitambaa.

Yaliyobaki ndiyo wanayoyasimulia. Gari lilizimika karibu na Minjila, moshi unatoka nyuma. Katana alikuja, akalitazama, akaniambia kwa heshima kwamba hajawahi kulifungua la aina hiyo, na angekuwa mwongo kusema ataliweza. Tukamleta fundi kutoka Mombasa. Huyo alikunjua zulia la chini, nikaona nyaya zimeota kutu ya kijani. Akasema gari lilishawahi kunywa maji ya bahari, likakaushwa, likapakwa rangi, likapuliziwa manukato ili liuzwe kwa mtu. Nikampigia yule kijana wa yadi. Simu yake haikupatikana, na nilipokwenda mwenyewe, yadi ilikuwa ya mtu mwingine, anauza vigae.

Mwenye duka alitaka nafasi yake. Wakati wa kiangazi nikalikokota hadi nyumbani kwa trekta, watoto wanakimbia nyuma wanaimba, nikaliweka chini ya kibanda. Msimu uliofuata mto ukafurika kuliko kawaida. Nyumba yetu ya udongo iliyeyuka kama sukari tukiangalia. Tulitoka na godoro, sufuria na Dhadho mabegani mwangu. Maji yalipopungua, gari lilikuwa limejaa tope hadi kwenye vioo, na mama yako alikuwa hana nyumba, si pa juu wala pa chini.

Unakumbuka tulikokwenda. Tulikwenda Minjila, kwenye vyumba vya Samweli. Nilikuwa nimekaa barabarani na mzigo, sina uso wa kubisha hodi, mama yako ndiye aliyebisha. Samweli akatoka. Alikuwa na chumba kimoja ambacho mpangaji wake alikuwa amelipa tayari. Alimhamisha mpangaji na kumrudishia chake. Akanitazama, akasema, "Ingieni." Hakuongeza kitu. Nilisubiri aongeze. Miaka yote hii nimesubiri aongeze.

Tuliporudi hapa na kusimamisha tena nyumba ya udongo, gari walikuja kulikata watu wa vyuma chakavu, wakalipakia kwenye lori pamoja na mabati. Nilichopata kilitosha unga na mafuta ya taa. Na ulipomaliza shule na alama zako, nikakaa kimya mezani kama mtu aliyekosea nyumba. Ni Samweli aliyekulipia mafunzo ya udereva, na ni Samweli aliyemlipa wakala. Kesho yeye ndiye atakayekupeleka hadi Mombasa. Mimi nitashika begi lako hadi barabarani.

Unaona kwa nini sikuweza kutabasamu ulipotaja magari ya huyo tajiri.

Sina ushauri mwingi. Niliyepotea njia nitakuonyesha nini zaidi ya pale nilipopotelea? Utakabidhiwa funguo za magari makubwa. Endesha kwa makini, funga, rudisha ufunguo, nenda ukalale. Usiliweke gari la mtu moyoni, wala usilichukie. Huenda hao watu ni wema. Wapo matajiri wema, na chuki yangu isiwe miwani yako. Lakini ikitokea siku mtu akakudhalilisha, na inaweza kutokea, mweleze mtu siku hiyo hiyo. Mpigie mama yako, mpigie baba yako mdogo, mwambie hata mfagizi mtakayelala naye chumba kimoja. Mimi nilinyamaza, nikadhani ni uanaume, na lile jambo likakaa ndani likinenepa hadi likanunua gari, likamuuza na mtoto wangu. Likitoka kwa kinywa siku ile ile, ni neno tu. Na ikizidi, rudi. Usiangalie aliyelipa wakala. Nimezungumza na Samweli, amesema, "Arudi hata kesho kutwa, kaka, mimi sitauliza." Rudi mikono mitupu, rudi na nguo ulizovaa. Watakaocheka tayari wana wa kumcheka.

Kuhusu ile siku ya mvua, siombi unisamehe. Nimekuona ukinihudumia maji ya kunawa, ukiniita baba mbele ya watu, na ninajua kwamba kunitendea wema ni jambo moja na kunisamehe ni jingine. Chukua muda wako wote. Hata ukiumaliza muda wote wa uhai wangu, nitakuwa nimeelewa. Nilitaka tu ujue kwamba ninajua. Usiende ng'ambo ukidhani kwamba ni wewe peke yako unayeikumbuka.

Juzi tuliposema tunakwenda Hola kuangalia mbegu, mimi na Samweli hatukwenda kuangalia mbegu. Tulikwenda ofisi ya ardhi. Kile kipande changu kilichobaki kando ya mto, chenye miembe ya babu yako, nimekihamishia kwa mama yako, na baada yake ni chako na Dhadho. Karani alidhani sielewi ninachotia sahihi. Aliniuliza mara mbili, "Mzee, wewe mwenyewe utabaki na nini?" Nikamwambia nitabaki na jembe. Akacheka, na safari hii mimi sikucheka naye.

Sikufanya hivyo kwa wema. Nimefanya kwa sababu ninajifahamu: mtu akinifungulia tena mlango mzuri akanikaribisha, sina hakika nitakataa. Sasa nikitaka kuuza, sina cha kuuza. Ukirudi, mwenye mji ni mama yako. Piga hodi kwake. Mimi utanikuta shambani mwake, nalima, na jioni nikimaliza nasubiri aniite nije kula.

Ni mimi baba yako,
Yona